Kupiga kambi kwenye tamasha la muziki: mwongozo kwa kundi linalotoka Mombasa

Kila ifikapo Novemba maswali huanza, na karibu yote ni yale yale. Hema la watu wanne linalaza wangapi? Tutaoga wapi? Tubebe pesa taslimu au M-Pesa yatosha? Mbu je? Nimeona heri niyajibu mara moja kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, tangu kuchanga pesa hadi kulianika hema mkisharudi.

Nawaandikia marafiki wanne hadi wanane wanaokwenda tamasha la nje la siku mbili tatu, lenye uwanja wa kambi. Wengi wenu mtakuwa mwaelekea Kilifi, kama kilomita 60 kaskazini ya Mombasa, ambako tamasha la Beneath the Baobabs limekuwa likiukaribisha mwaka mpya chini ya mibuyu. Mkielekea Tiwi au Diani mambo ni hayo hayo, ila safari itaanza kwa kivuko cha Likoni.

Kabla ya lolote, shika hili: huku kwetu kinachovunja kambi ni joto na kiu. Miongozo mingi ya kupiga kambi imeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, nao huambiwa wabebe mfuko mzito wa kulalia na wafunge hema upepo usipenye. Ukifanya hivyo Desemba, wakati usiku wenyewe hauteremki sana chini ya nyuzi 24, hulali. Mtu asiyelala usiku wa kwanza hana muziki usiku wa pili. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu kivuli, upepo au maji.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kundi zima:
- Mahema yenye wavu wa mbu pande mbili au zaidi. Idadi iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema ni ya watu waliobanana bega kwa bega bila mizigo. Kwa joto letu, hema la wanne lilaze wawili, au watatu wakipendana sana.
- Turubai moja kubwa na kamba mita 20 hivi. Hili ndilo sebule yenu ya mchana, na ndilo kitu ambacho wanaoanza husahau kuliko vyote.
- Mikeka miwili mitatu.
- Mitungi ya maji ya lita 20.
- Ndoo yenye kifuniko kinachofunga vizuri, ya chakula.
- Jiko dogo la gesi, sufuria moja na birika, ikiwa waandalizi wanaruhusu moto.
- Magunia mawili ya taka na mengine manne matupu (utaona kazi yake hatua ya 7). Mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni kabisa. Imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika fuo zilizohifadhiwa.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: plasta, bendeji, dawa ya kusafishia jeraha, dawa ya maumivu, chumvi na sukari.

Vya kila mtu:
- Leso mbili au kikoi. Utajifunika, utatandika, utajikausha, utajisitiri ukioga, utajitwika mchana. Hakuna kitu kinachofanya kazi nyingi namna hii kwa uzito mdogo hivyo.
- Godoro jembamba la sponji au mkeka wa kulalia.
- Suruali ndefu na shati la mikono mirefu kwa ajili ya jioni, na dawa ya mbu ya kujipaka.
- Viatu vya kufunika vidole na ndala. Usitembee miguu mitupu kambini: kuna funza mchangani, na kuna miiba na vipande vya chupa.
- Tochi ya kuvaa kichwani. Tochi ya simu inakula chaji unayoihitaji kwa kazi nyingine.
- Pawabenki. Ya mAh 20,000 hujaza simu ya kawaida mara mbili hadi tatu.
- Sponji za kuziba masikio.
- Kitambulisho, pesa taslimu kidogo za noti ndogondogo, tishu, na kopo lako la chooni.
- Dawa zako mwenyewe. Mwenye pumu abebe mbili, moja akamkabidhi mwenzake.

Hatua

1. Changeni, kisha mwandike nani anabeba nini. Mchagueni mtu mmoja ashike mchango. Asiwe yule mchangamfu kuliko wote; awe yule anayerudisha chenji bila kuulizwa. Orodha iandikwe kwa majina: turubai la nani, jiko la nani, mitungi ya nani. Makundi mengi hufika na majiko matatu na hayana turubai hata moja, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amebeba.

2. Nunueni tiketi kwa waandalizi wenyewe. Picha ya tiketi inayotumwa kwa simu na mtu anayesema amepata dharura inaweza kuwa imeshauzwa kwa watu kumi. Msimbo wake ukishasomwa langoni mara moja, wanaofuata wote wanarudishwa. Kisha someni masharti kwa makini. Kambi mara nyingi hulipiwa mbali na kiingilio. Ulizeni kama chakula na maji ya kutoka nje yanaruhusiwa, kama moto unaruhusiwa, kama chupa za glasi zinakataliwa, na kama gari linaweza kulala karibu na hema.

3. Lisimamisheni hema mara moja mkiwa nyumbani. Uani, au juu ya paa la ghorofa. Hesabuni fito na vigingi, fungeni na kufungua zipu zote, mumulike wavu kwa tochi mtafute matundu. Tundu dogo huzibwa kwa uzi na sindano kwa dakika mbili, lakini usiku wa manane Kilifi hutakuwa na sindano.

4. Fungasheni chakula kinachostahimili joto. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka: kuleni mchana wa safari, visibaki. Tui huchacha upesi, na kuharisha ndani ya kambi ya maelfu ya watu ni jambo lisilotamanika. Mahamri hukaa siku mbili yakiwa ndani ya kitambaa na kapu linalopitisha hewa. Tende, njugu, kashata, kachiri za muhogo, ndizi mbichimbichi, maembe yasiyoiva sana, viazi vitamu vilivyochemshwa, majani ya chai, tangawizi na sukari vitawafikisha. Mayai ya kuchemsha ni ya siku ya kwanza tu. Mengine mtanunua hapo tamashani, ila ni ghali, na foleni ya mishkaki saa nne usiku inaweza kuwakosesha mwimbaji mliyemjia.

Maji: lita tano kwa mtu kwa siku. Tatu za kunywa, mbili za kupikia, kunawa na kupiga mswaki. Watu sita kwa siku mbili ni lita 60, yaani mitungi mitatu. Wanaoswali waongeze lita moja au mbili kila siku kwa ajili ya udhu, wasije wakalazimika kuchagua kati ya udhu na kiu. Kama waandalizi wana matangi ya maji ya kunywa, mtungi mmoja unatosha kuanzia. Ulizeni kwanza.

5. Ondokeni mapema, mfike kabla ya saa tisa alasiri. Matatu za Kilifi na Malindi hupatikana upande wa barabara ya Abdel Nasser. Siku za mwisho wa mwaka nauli hupanda na barabara ya Mtwapa hufunga kwa msongamano wa magari, kwa hiyo saa tatu asubuhi muwe mmeshavuka daraja la Nyali. Watu sita wenye mizigo ni bora mkodi gari zima. Mkiomba bei mapema, mkigawana, tofauti na matatu si kubwa, na hakuna atakayepakata mtungi wa maji hadi Vipingo. Mpatane na dereva siku na saa ya kuwarudisha kabla hajawashusha.

Nasisitiza saa tisa kwa sababu hema linalosimamishwa gizani husimamishwa popote palipobaki, na palipobaki ni karibu na vyoo, kwenye bonde, au mbele ya spika.

6. Chagueni mahali. Hapa msifanye haraka. Wekeni mizigo chini, mmoja aketi nayo, wengine mzunguke.

Tazameni jua kwanza. Linachomoza mashariki kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa mbili hema lisilo na kivuli halikaliki. Kinachotakiwa ni mti au ukuta ulio *mashariki* ya hema. Watu wengi huchagua kivuli kwa jinsi kilivyo alasiri walipofika. Kesho yake asubuhi kivuli hicho kiko upande wa pili.

Kisha tazameni juu. Msilale chini ya mnazi, hata kama ndio kivuli pekee. Nazi ikianguka haitoi onyo, na kuti kavu nalo lina uzito wake. Mwembe una kivuli kizuri, lakini Desemba ni msimu wa maembe, nayo huanguka usiku kucha na kuleta sisimizi. Mbuyu una matawi mazito. Kaeni pembeni mwa kivuli chake, si chini ya tawi. Mvinje wa ufukweni ni mzuri, na majani yake chini hutandika kama godoro. Mkiona mti uliofungwa vitambaa au wenye vyungu na chupa shinani, ondokeni hapo kwa adabu. Wamijikenda wana miti na misitu ya ibada, na makaya yao, ndiyo misitu hiyo, yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Hapo ni mahali pa watu pa kuomba. Msipige kambi wala picha.

Kisha upepo. Desemba hadi Machi ni kaskazi. Ukisimama ufukweni ukitazama bahari, inakujia upande wa kushoto. Elekezeni dirisha au mlango wenye wavu upande huo, upepo uingie na kutokea nyuma. Wakati wa kusi geuzeni.

Kama kambi iko ufukweni, ulizeni wavuvi kuhusu maji. Maji ya bamvua hupanda mbali kuliko ya siku za maji mafu, na huku kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita nne. Tafuteni mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu mchangani, kisha mpande hatua kadhaa juu yake. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, pandeni zaidi.

Mwisho, kaeni mbali na njia ya vyoo lakini si mbali na taa. Na kama mna gari, msilale nyuma yake wala mbele yake.

7. Simamisheni hema kulingana na ardhi. Kwenye udongo wa kawaida, kigingi kiingie kikiwa kimeinamia upande wa nje, mbali na hema. Kwenye mchanga, kigingi ni bure. Kitang'oka upepo ukivuma. Jazeni magunia matupu mchanga, fungeni kamba ya hema kwenye gunia, lifukieni kina cha dhiraa moja na kushindilia kwa miguu. Kwenye mwamba wa matumbawe hakuna kinachoingia: fungeni kamba kwenye kipande cha mti kilicholala chini, kisha mrundike mawe juu ya mti huo. Msizungushie kamba jiwe moja kwa moja, matumbawe yataikata kabla ya alfajiri.

Turubai la kivuli liinueni juu ya hema kwa nafasi ya mkono mmoja angalau, hewa ipite katikati. Likigusa hema, joto linaingia lilivyo. Kama mna mahema matatu, yapangeni nusu duara, milango ikitazamana na mikeka katikati. Mgeni akija mtamwona, na vitu havipotei kirahisi. Dada zenu wakiwamo, hema lao liwe la kati.

Zipu za wavu zifungwe kabla ya magharibi na zisiachwe wazi hata kidogo. Mbu mmoja akishaingia, hakuna atakayelala.

8. Wekeni jiko mbali na mahema, upande upepo unakokwenda. Jiko la makaa au la gesi lisiingie ndani ya hema kamwe, wala kwa dakika tano wakati wa mvua, wala kwa ajili ya kufukuza mbu. Moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini, na kitambaa cha hema hushika moto kwa sekunde. Chakula kikae ndani ya ndoo iliyofungwa. Kunguru wa mjini mnawajua, na tumbili wana ujasiri kuwazidi. Hao wakishaonja mara moja watashinda kwenu siku zote mlizobakiza.

Kwa wanaoswali: kutoka upande huu wa Pwani kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Tandikeni mkeka mmoja upande huo tangu mwanzo na uachwe kwa kazi hiyo peke yake.

9. Kabla muziki haujaanza, patanane. Dakika kumi tu, wote mkiwa mmekaa. Wapi pa kukutana mtu akipotea: pawe kitu kisichohama, kama mti mkubwa karibu na lango au tangi la maji, «karibu na jukwaa» si mahali. Saa ngapi: kwa mfano kila baada ya saa mbili, saa kamili. Nani yuko na nani: wawili wawili, na hakuna anayerudi hemani peke yake gizani. Nambari za simu mziandike kwenye karatasi, kila mtu akae na yake. Watu wakiwa maelfu mahali pamoja mtandao hulemewa. Simu haiendi na M-Pesa haipiti, ndiyo maana nikasema mbebe noti. Zimeni data mnapocheza, chaji itakaa.

Tena hili nalisema kwa uzito wote. Msiache kinywaji peke yake mkaja kukinywa baadaye, na msipokee kilichofunguliwa na mtu msiyemjua. «Mchele», yaani dawa ya kumlevya mtu ili aibiwe au adhuriwe, bado unatiwa watu kwenye vinywaji. Rafiki akilegea ghafla kuliko alivyokunywa, au akaanza kusema maneno yasiyoshikana, msimlaze hemani «apumzike». Mpelekeni huduma ya kwanza mara moja, wawili mkimshikilia, na akilala alale ubavu. Usiku wote huo asiachwe peke yake.

Na aliyekunywa asiogelee. Mkondo wa maji yanapokupwa usiku haumjui hodari.

10. Linda masikio na usingizi. Mbele ya spika kubwa sauti hufikia desibeli 100 na zaidi, na kwa kiwango hicho wataalamu wa usalama kazini hupendekeza dakika 15 tu kwa siku bila kinga. Vaa sponji, muziki utausikia, pengine vizuri zaidi. Simama nyuma kidogo, karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa kuwa yeye hupanga sauti kwa masikio yaliyo hapo. Kulala, laleni kwa zamu mkiweza: saa nne za usiku na saa mbili za adhuhuri chini ya turubai huwatosha wengi.

11. Asubuhi nenda chooni na kuoga kabla ya saa kumi na mbili. Baada ya hapo ni foleni. Kunywa maji nusu lita kabla ya chai.

12. Kuondoka: acheni mahali kama palivyokuwa. Tembeeni mstari mmoja, bega kwa bega, mkiokota hata vifuniko vya chupa. Magunia mliyofukia yafukueni. Ng'ombe na mbuzi wa wenyeji watalisha hapo mkishaondoka.

Mkifika Mombasa, hema lisilale ndani ya mfuko hata usiku mmoja. Lifuteni chumvi kwa maji baridi, zipu zisuguliwe kwa mswaki wa zamani, likaanikwe kivulini hadi likauke kabisa. Kwa unyevu wa Pwani, hema lililofungwa bichi hushika ukungu haraka, na harufu hiyo haitoki.

Mambo yakienda mrama

*Mvua imeshuka usiku.* Vuli huweza kuchelewa hadi Desemba. Kazeni kamba zote, kwani kitambaa kilicholegea ndicho kinachovuja. Ondoeni mizigo iliyogusa kuta. Msisukume dimbwi la maji juu ya turubai kwa kidole. Inueni pembe moja limwagike.

*Ufito umevunjika.* Tafuta kijiti kilichonyooka, kiwe ubavuni mwa palipovunjika, funga kwa nguvu juu na chini kwa uzi au kipande cha leso.

*Mtu ana kizunguzungu, kichwa kinagonga, anatoka jasho jingi.* Mwekeni kivulini, mloweshe leso mumfunike, mpeni maji kidogo kidogo. Akiharisha au kutapika, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akichanganyikiwa, mwili ukiwa wa moto sana, hiyo ni dharura: mpoozeni kwa maji huku mkimkimbiza kwa madaktari wa tamasha.

*Nge au tandu ameuma.* Oshea sabuni, wekea barafu, nenda huduma ya kwanza. Nyoka: msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mgonjwa atulie, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Hospitali ya kaunti iko mjini Kilifi. Simu za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Kung'uteni viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa.

*Mwenzenu haonekani.* Mmoja abaki hemani, wawili waende pale mlipopatana, wangoje hadi saa kamili. Akikosa saa moja, nendeni kwa walinzi na picha yake ya siku hiyo, yenye nguo alizovaa. Pigeni picha ya kundi kila jioni kwa sababu hii.

*Homa imeanza wiki moja au mbili baada ya kurudi.* Nendeni mkapime malaria siku hiyo hiyo, msijitibu kwa dawa za mafua. Wapigieni na wenzenu waliokuja kutoka Nairobi au Nakuru: wao hawana mazoea ya malaria, na daktari wa huko aambiwe mapema kwamba mgonjwa alilala nje Pwani.